Sahani ya Kucheua

Jumatano, 8 Oktoba

Mke wa Dodo! Naandika tena nione linavyopendeza: mke wa Dodo.

Jumapili ni siku yangu. Kwa ukoo wa kina Dodo bibi arusi hana jiko mpaka awapikie wakwe mara moja. Wakiridhika, mama mkwe anamkabidhi mwiko. Kwa sasa tunakula kwa mama Berthe, mama mkwe wangu, mbele ya watu wote — hata kumlisha Dodo tonge moja siwezi! Nautaka mwiko ule.

Mabibi arusi wengine wote walipika kuku. Mimi, hapana. Tulipotembea njia ya Kambove, ng'ombe walikuwa wamelala wakicheua, macho nusu yamefumba. Nikamweleza Dodo niliyosoma shuleni, somo la bio-chimie: nyasi zinamezwa, zinarudi mdomoni, zinapita matumbo manne, mwisho ni maziwa. Akanibusu! Pale pale nikaiona sahani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimejaribu. Bukari, ugali wetu, katikati, miduara minne pembeni, kila mmoja tumbo. Kwanza mboga za lengalenga mbichi, zimetwangwa na ndimu. Pili lengalenga zilezile, zimepikwa na karanga. Tatu utumbo wenyewe, ule wa vyumba kama sega la nyuki. Nne maziwa ya mgando, meupe pe! Unakula kwa kuzunguka.

Jirani Tina alichungulia kwenye mbabula niliyoazima, jiko la makaa. "Gaëlle! Bakwe utabapa majani sawa ngombe?" Acheke tu. Dodo alionja akafumba macho. Nampenda mpaka naona aibu.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika jikoni kwa mama Berthe, mlango nusu wazi. Nimeweka sahani mezani. Dodo akaeleza kwa fahari kunishinda: safari ya majani ndani ya ng'ombe!

Mama Berthe: "Yezu! Mutoto, baba haiko ngombe."

Baba Kalenga, mkwe wangu, akaizungusha sahani kwa kidole. Taratibu kabisa: "Miye naona matumbo ine ya ngombe. Firigisi yangu iko wapi?"

Mungu wangu. Firigisi! Kuku wa bibi arusi anapikwa kwa ajili hiyo — firigisi ni ya baba mkwe, ndiyo heshima yake. Hata kwetu ni hivyo, nilijua tangu utoto! Nilipomkataa kuku niliwaza nyama tu.

Dodo katoka mbio kutafuta kuku, na viatu vya kanisani. Mama Berthe kaurudisha kikapuni mwiko aliouandaa kunikabidhi. "Basi, tungojee kuku."

Silii. Sahani ni nzuri, najua ni nzuri.

Baba Kalenga hakungoja kuku. Alianza na zile mbichi. Akala za karanga. Utumbo akautafuna polepole, maziwa akayaramba mpaka kidole. Sasa — nachungulia — mkono wake unarudi duara la kwanza. Anatafuna tena. Macho nusu yamefumba!

Mama Berthe anamtazama. Mkono wake uko ndani ya kikapu cha mwiko —