Chaki Juu ya Rangi Mpya

Nau, baba yangu,

Wamepaka daraja lako rangi. Kijivu cha kung'aa, utadhani lilijengwa juzi. Wameweka na kibao cha historia: Wazungu walilijenga, treni ikapita katikati na magari kando, na mto haujawahi kulishinda. Ninyi mliolitunza mmeandikwa "vibarua". Basi. Miaka yako yote, neno moja.

Hakuna aliyegonga ribiti hata moja, zile pini za chuma zinazolishikilia, kabla ya kupaka. Unakumbuka ulivyonifundisha? Nyundo ndogo upande huu, kidole upande ule. "Jicho litakudanganya," ulisema, "kidole hakidanganyi." Ribiti iliyolegea inatetemeka kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, nawe unaizungushia chaki nyeupe. Mwaka wako wa mwisho ulizungushia nyingi, upande wa barabara. Ulipeleka habari ofisini mpaka wakakuchoka, wakasema mzee anapenda kulalamika.

Sasa nikuambie aibu yangu. Siku ya sherehe waliniita mbele, eti binti wa mtu wa reli, nisome kile kibao kwa maikrofoni. Nikasoma. Nilifika pale pa "daraja imara" nikasoma hivyo hivyo, nikashukuru wageni, nikapewa soda. Nilijua chaki zako ziko chini ya ile rangi, na nikanyamaza. Nimejichukia tangu siku hiyo.

Mutua, mume wangu, bado anapitisha lori la mbuzi hapo kila siku ya soko la Ikutha. Nilimwomba azunguke kwa barabara ya mbali. Alicheka, akaniuliza kama si mimi niliyesoma mbele ya watu wote kwamba ni imara.



Leo asubuhi nilitoa nyundo yako chini ya kitanda nikaenda. Niligonga, nikaweka kidole. Zinatetemeka, hata zaidi ya wakati wako. Nikazungushia chaki. Askari wa daraja akaja na kitambaa, akafuta, akasema nachafua mali ya umma. Nilimshika mkono, nikaweka kidole chake pale, nikagonga. Aliuvuta mkono wake. Kisha akaendelea kufuta, ila polepole.

Pumzika, Nau. Sijui kama watanisikiliza zaidi ya walivyokusikiliza wewe. Lakini kesho ni siku ya soko, na hiyo soda yao nimeshaitapika. Lori la Mutua litanikuta nimesimama katikati ya barabara, na nyundo yako mkononi.

Binti yako,
Mwikali