Skafu Mbili

Misima, Handeni

Dada Rukaya, shikamoo.

Najua huko Kwashemshi ukungu haujawaachia. Hapa jua linakausha mihogo kwa siku moja, nami nakaa eda ya mume wangu chumbani, nafuma skafu za sufu kwa kroshia. Mama mkwe ananicheka: "Mtu anavuja jasho, bado anafuma joto!"

Mahindi si mabaya. Mbuzi wa marehemu amezaa mapacha. Simu yangu anayo shemeji Mdoe, eti anaitengeneza, ndiyo maana nakuandikia. Viatu vyake ameshaviweka mlangoni kwangu, kama mwenye nyumba. Wazee wamekubaliana anirithi eda ikiisha. Mimi sijaulizwa, na nikisema sitaki, wanasema ni majonzi tu.

Jirani yangu Fatu anakuja huko kumwona mwanawe, atakuletea skafu. Mama mkwe aliuliza kwa nini mbili. Nikamjibu baridi ya huko inakutesa sana.

Ya kijani ni yako. Nyekundu itundike karibu na mlango, usimpe mtu hata akiisifu. Siku eda ikiisha, shingo ya kuivaa inakuja.

Mdogo wako,
Shamsia