Niliusifu Mchezo Ulionishinda

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kwanza uniwie radhi, maana mtu wa miaka sabini na mitatu kuandika gazetini juu ya mchezo wa kompyuta ni jambo la kuona haya.

Binti yangu, ninayeishi naye tangu mama yake atutoke, hutunga mazungumzo ya wahusika katika kampuni ndogo ya michezo hiyo, na mchezo wao wa kwanza, ambamo mchezaji huwa msafiri anayejichagulia la kusema na la kutenda, niliucheza mwaka mzima wa kwanza wa ugane wangu, nikaumaliza bila kuchomoa upanga hata mara moja, kwa kuzungumza tu na watu, mlinda lango, muuza mishumaa, hata jambazi aliyeniachia njia baada ya kumwuliza hali ya mamaye, na humo, Mshauri, nilijifunza upya kusema na wanadamu.

Sasa umetengenezwa wa pili. Mazungumzo yamefyekwa karibu yote, kilichobaki ni kukata, kuruka na kukwepa, na vidole vyangu vinavyotetemeka havikunivusha hata daraja la kwanza. Nilifia pale mara thelathini na moja. Kampuni iliwaomba wapenzi wa mchezo wa zamani waujaribu huo mpya na kujaza fomu. Nami, niliyefunzwa na mapadri kwamba anayepewa hashukuru kwa kulalamika, niliandika: "Mchezo bora kabisa, umeupita wa kwanza. Hongereni nyote."

Sikujua kwamba binti yangu alikuwa akivutana na wakubwa wake ili mazungumzo yarudishwe. Kikaoni mkuu wake aliisoma fomu yangu kwa sauti, akamwuliza, "Mzee wako mwenyewe kaupenda, sasa wewe unamtetea nani?" Watu wakacheka. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akanisimulia hayo, akasema, "Baba, kumbe hata wewe." Tangu hapo ananiamkia tu. Uamuzi utapitishwa mwisho wa mwezi, na barua yake ya kuacha kazi nimeiona mezani. Nikisema kweli, nitamwaibisha kwa kuwa na baba mwongo. Nikinyamaza, je? Samahani kwa urefu wa barua hii.

Wako mtiifu,
Mzee wa Daraja la Kwanza

Mzee wangu, shikamoo.

Pole kwa kuondokewa, na pole kwa vidole. Huruma yangu inaishia hapo. Fomu ile haikuuliza umelelewaje. Iliuliza kama mchezo unachezeka. Unaogopa kuonekana mwongo? Mwongo umeshakuwa, Mzee wangu. Binti yako ndiye anayeulipia uongo huo, mbele ya watu wanaocheka.

Usianze na kampuni. Leo hii, kabla hujalikunja gazeti, gonga mlango wake. Habari za mapadri ziache. Mwambie, "Nilidanganya, mchezo ulinishinda," kisha nyamaza, hata akikufokea. Halafu mwulize kama anataka uandike upya, maana kazi ni yake. Usijitie ushujaa ambao hakukuomba. Akikubali, andika kama shahidi: ulikwama wapi, vitufe gani vilikushinda, ulimtafuta nani wa mchezo wa kwanza ukamkosa. Vijana wanaopenda mapigano usiwaguse, nao wana haki ya kufurahi. Weka jina lako kamili. Neno "samahani" liandike mara moja tu.

Huenda wasibadilishe kitu, naye akaipeleka ile barua. Basi aipeleke akijua baba yake yuko upande wake, si mfukoni mwa mkuu wake.