Lile Ombi Niliandika Mimi

Mama, shikamoo. Uji uko kwenye chupa. Hata kama huko ulikoenda kuombea mgonjwa wamekupa chai, kunywa tu. Viti vya ibada nimeshavirudisha.

Sasa usikasirike. Kile kikaratasi ulichotoa asubuhi kwenye kikapu cha maombi, cha mtu ambaye mama yake anakohoa damu halafu anaficha, niliandika mimi. Huyo mama ni wewe. Leso zako nafua mimi, naona.

Ulimwombea mpaka ukalia. Mama Hilda akasema, "Huyo mama naye mbishi, jamani!" Ukacheka kabisa, ukasema, "Mtoto wake kama yupo hapa, ampeleke hospitali leo leo." Watu wote amina. Mimi nikashindwa kuitikia.

~~Kama hutaki basi, tuendelee kuomba tu.~~ Hapana. Leo tunaenda.

Nimefuata bajaji, saa nne narudi. Kadi ya bima ninayo mimi, usiitafute.

Halafu kwenye daftari la shukrani umeandika "Asante Bwana kwa afya njema." Mama! Na hilo lengo ulilobandika ukutani, kufikia kaya hamsini hapa Mkonze kabla ya Krismasi, nani atazifikia? Mimi kuhubiri siwezi. Hata kuomba siku hizi nasema kitu kimoja tu, mama asife.

Ulisema leo leo mbele ya watu. Vaa viatu unisubiri. Ile amina yangu nitaisema tukishafika kwa daktari.

Kitindamimba wako,
Abeli