Ukuta Usio na Dirisha

4 Machi

Mwanangu,

Salaam tele. Mimi mzima, ila goti ndilo lile lile lenye visirani. Nimesikia ofisi yenu ndiyo itakayochora madarasa yetu mapya. Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Nikupe kisa. Wiki jana nilimwadhibu binti mmoja wa darasa la pili anayekaa nyuma. Nimeandika "mbuzi," yeye kanakili "mbuni." Nikamsimamisha kipindi kizima. Walipotoka, nikakaa kwenye dawati lake. Ubao sikuuona, mwanangu, na ilikuwa saa nne asubuhi! Kidirisha chenyewe kimoja, tena kinatazama ukuta wa stoo.

Tuchoree mwanga.

Shangazi yako

19 Machi

Shangazi, shikamoo.

Pole na goti, na usilipandishe ngazi ovyo. Nimekusikia. Madirisha nimeyaweka pande zote mbili, marefu hadi karibu na dari, na paa limetokeza nje ili jua lisiwachome watoto. Kuta nyeupe. Wa nyuma kabisa atasoma bila taa. Bosi kanitania, "Unachora shule au banda la kuku?" Lakini kapitisha.

Mwanao

2 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Barua zangu mbili hukuzijibu, nikasema ni kazi.

Kuta zimepanda. Upande wa nyuma ni tofali tupu. Mbele kuna vitundu vya kupitisha paka. Nikamvaa fundi mkuu, "Madirisha yamekwenda wapi?" Akanijibu, "Mwalimu, mimi nafuata mchoro," akautandaza juu ya mifuko ya saruji. Pembeni pana sahihi. Mkono ule nilikushika mimi ulipoanza kuandika, siwezi kuukosea.

Niambie wamekuigiza.

Shangazi yako

11 Oktoba

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti limepoa. Hakuna aliyeniigiza.

Wenye mradi walitaka vyumba vinne zaidi kwenye kiwanja kile kile, vipeane mgongo na vile vya kwanza, na madirisha ya mbele yapunguzwe kuokoa fedha. Nilibisha siku tatu. Bosi akasema, "Weka sahihi. Kiti chako kina watu kumi wanaokisubiri." Nikaweka. Nikajidanganya kwamba taa zitatosha. Ndiyo maana nilikuwa kimya. Kila nikishika kalamu, aibu inanishika mimi.

Nitakuja siku ya ufunguzi, nikuombe radhi uso kwa uso.

Mwanao

20 Januari

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Hukuja, na afadhali. Mgeni rasmi alianza kusoma hotuba ndani ya darasa langu, umeme ukakatika. Akatoka nayo barazani, akaimalizia huko kwenye mwanga, watu wakampigia makofi. Watoto walibaki ndani.

Jumatatu nikawatoa nje, nikaegemeza ubao ukutani. Tukasoma vizuri. Mwalimu mkuu akaniandikia onyo, eti naliaibisha jengo. Ijumaa likaja la pili. La tatu ni kufukuzwa, na mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Leo asubuhi nimewarudisha ndani. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kwa hiyo sina mdomo wa kukulaumu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko tofali zako.

Usije likizo hii. Nikiuona uso wako nitakusamehe, na sitaki kusamehe.

Shangazi yako