Mvua ya Giharo na Mvua ya Kitanga

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Maharage ya mama yamekufa. Yote ya shamba la bondeni, na nusu ya lile la barabarani. Shangazi alipiga simu tarehe 12 Septemba, tukapanda tarehe 15. Yakapata manyunyu, yakachipua, majani mawili mawili — halafu jua tupu. Leo mama ameng'oa mche mmoja, akaangalia mzizi, akautupa.

Baba anasema kosa ni la shangazi Niyubahwe. Ni dada yake, alirudi Burundi zamani, anaishi vilima vya Giharo. Baba alibaki huku Tanzania. Kila mwaka ikinyesha kwake siku mbili mfululizo, shangazi anapiga: imefika, jiandaeni. Nasi tunapanda siku ya tatu. Hapa Kitanga familia nyingi za asili ya kule hufanya hivyo, kila moja na ndugu yake wa ng'ambo. Mama akasema shangazi hajadanganya, mvua ndiyo haikufuata njia.

Nimefungua daftari langu. Tangu darasa la saba naandika tarehe ya simu ya shangazi na tarehe mvua ya kweli inapofika hapa. 2021 — siku tatu. 2022 — siku tano. 2023 — siku kumi na moja. Mwaka huu — bado.

Ijumaa, 4 Oktoba

Madam Adija, mwalimu wetu wa somo la Uraia, ametangaza jambo. (Ametoka Tanga, havui sweta hata saa sita mchana.) Tarehe 18 maofisa wanakuja Kasulu mjini kukusanya maoni ya vijana kuhusu sera ya mambo ya nje. Mada ni mabadiliko ya tabianchi na maendeleo endelevu. Kila shule wanafunzi wawili, dakika tano kila mmoja.

Obedi alinyoosha mkono kabla hajamaliza. Obedi huongea kama redio. Atasema nchi tajiri zilipe, wamechafua wao. Darasa likapiga makofi.

Mimi sikunyoosha. Nilisubiri watu watoke nikampa Madam daftari. Alisoma amesimama, akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena. Akauliza nani aliniagiza. Hakuna. "Basi wa pili ni wewe, Immakulata." Nikasema sauti yangu haifiki hata dawati la tatu. Akasema kutakuwa na maikrofoni.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimeandika mara nne. Hoja yangu ndiyo hii: mambo ya nje si mabalozi na mikutano ya mbali tu. Nje yetu ya kwanza ni jirani. Tanzania na Burundi ziwekeane makubaliano, vipimo vya mvua vya kule visomwe huku siku hiyohiyo, na vya huku visomwe kule. Mkulima apate ujumbe kwenye simu. Na vilima vinavyolisha mto Malagarasi vipandwe miti pande zote mbili, kwa mpango mmoja.

Niliandika pia kwamba mto hauna pasipoti. Nimeifuta sentensi hiyo. Inafanana na bango.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimemsomea baba. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwa shangazi. Akainuka, akafunga dirisha.

Baba ana cheti cha uraia, kiko sandukuni ndani ya nailoni mbili. Lakini gari la serikali likipita bado anasimama wima.

"Mwana wanje," akaniita kwa Kirundi, yaani mwanangu, "uende mbele ya serikali useme nyumba hii inapiga simu Burundi?"

Nikasema ni mvua tu, baba.

"Kwako ni mvua."

Ameniambia niandike "wakulima wanasema". Nimeandika. Tarehe zote zimetoka. Sasa ni hotuba ambayo mtu yeyote angeweza kuisoma.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mazoezi mbele ya darasa. Obedi kutoka nyuma: "Imma, kwani unawakilisha Tanzania au kwenu?" Wakacheka. Uso wangu moto. Kwa kawaida ningekaa.

"Nawakilisha Kitanga," nikasema. "Mama yako wewe alipanda lini?"

Mama yake naye alipanda tulipopanda sisi, amepoteza mahindi, kila mtu anajua. Walipotoka Obedi akanifuata mpaka bombani, anaongea chini chini. Akauliza eti shangazi yangu hajapiga tena?

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua ya kweli imefika jana. Tangu simu ya shangazi — siku thelathini na nne.

Nimerudisha tarehe zote kwenye hotuba. Jina sijaweka, nimeandika "ndugu wa ng'ambo". Baba hajui. Kesho ananipeleka yeye kwa baiskeli.

Ijumaa, 18 Oktoba. Kasulu, mapumziko ya chai

Nimesoma. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa kikao, mama mmoja wa makamo, akanisimamisha kwenye tarehe. Takwimu hizi zimetoka kituo gani? Nikasema si kituo, ni ndugu.

"Ndugu gani, binti yangu? Siwezi kuandika kwenye taarifa ndugu asiye na jina. Ukituambia ni nani, yuko wapi, na mlizitumiaje hizo simu, pendekezo lako linaingia. Vinginevyo tunaliweka pembeni. Fikiria, utanijibu baada ya chai."

Baba yuko nje, ameegemea ukuta chini ya dirisha. Hajachukua chai. Amesikia yote.

Nimemwendea. Nikamwambia nitamtaja shangazi Niyubahwe, dada wa baba yangu, wa Giharo. Na nitasema tulipanda kwa neno lake tukapoteza maharage, kwa sababu hakuna mwingine anayetuambia. Sikuomba ruhusa. Nilisema kwa sauti yangu ileile ndogo, akaniambia nirudie, hajasikia.

Nikarudia.

Watu wanapita na vikombe vyao. Madam Adija akaja, akatuona, akageuka. Baba akaangalia miguu yangu. Tope la njiani limenikaukia mpaka kwenye soksi. Akasema nifute viatu, mtu hasimami mbele ya watu hivi.

Nimekaa ngazini. Kiatu cha kulia tayari nimekifuta. Ndani wameanza kuvuta viti, na baba ananyoosha mkono nimpe daftari anishikie nifute cha kushoto —