Aliyenifundisha Kunusa Mvinyo

Kigali, Juni 1992

Mama yangu mpendwa, shikamoo. Natumaini mdogo wangu Koku anakusomea kadi hii hapo jikoni.

Nimeanza kazi kwenye duka la mvinyo. Jumatatu mwenye duka, Madamu Esperanse, alitumiminia glasi nne sisi watatu tunaoanza, tunuse mbele ya wateja wake. Wenzangu walisifu zote. Mimi nikasema ya tatu imeharibika, inanuka gunia lililoloa. Akainusa, akaimwaga.

"Weye, nani alikufundisha kunusa hivi?"

Nikamjibu ni padri wa misheni. Wateja wakamsifu huyo padri, nami nikatabasamu. Niliona haya kusema ni mama yangu, mpika rubisi ya ndizi wa Bukoba, aliyenifunulia mitungi asubuhi nimwambie upi umeiva na upi umechacha.

Siku mbili uongo huo ulinikera. Jana nikamwendea. "Madamu, nilikudanganya. Ni mama."

Hakukasirika. Alivuta kiti akakaa. "Sasa, mama anajuaje kama iko tayari? Mimi nimesoma vitabu vya mvinyo, lakini urwagwa, pombe yetu ya ndizi, siijui."

Nikamwambia nitakuuliza. Umenisomesha kwa rubisi miaka yote, na sijawahi kukuuliza unanusa nini. Aibu hii imezidi ile ya kwanza.

Nisamehe, Mama. Mweleze Koku yote aniandikie, nami nitamsomea Madamu kwa jina lako. Jikinge na moshi, na Mungu akutunze.

Mwanao,
Kamugisha